Kahawa ya Kamanda Wete: tamu, ila lipeni jamani

Ukiwa Wete, Pemba, unashuka kama unakwenda bandarini, baada ya alasiri utamkuta mzee kaweka dele lake juu ya mkaa na mabenchi mawili, wote wanamwita Kamanda. Buni anakaanga mwenyewe anatwanga mwenyewe, tangawizi hatii mpaka umwambie, kikombe mia mbili na kashata za karanga pembeni. Mie nshakunywa mpaka Jaws Corner kule Mji Mkongwe lakini hii nambari wani. Kasoro benchi la kushoto lina msumari, umenichania kanzu, na ukichelewa magharibi unakuta mashapo matupu.

Sasa nnachotaka kusema. Huyu mzee alikwenda vita vya Kagera, mgambo, kijana mbichi, ile 1978 Idi Amin alipovamia, akaenda kwa miguu mpaka Masaka kule Uganda, na Kampala ilipotekwa Aprili 1979 alikuwemo. Basi watu wanakaa pale, Kamanda hebu tupe ya Masaka, anahadithia huku anamimina na halimwagiki hata tone, wakishacheka wananyanyuka "Kamanda ntakulipa kesho". Daftari la deni analo, kurasa zimejaa. Juzi siku ya Mashujaa, 25 Julai, jamaa mmoja kaja kampigia saluti mguu chini puu, watu wakapiga makofi, akanywa vikombe vitatu akaondoka na saluti yake. Saluti hainunui mkaa bwana we.

Nlimuuliza, babu, mliporudi mlipokewa vipi? Kanambia wiki ya mwanzo dufu na pilau, watoto wanamfuata nyuma kama bwana harusi. Halafu sukari ikaadimika, sabuni foleni, nchi nzima imeambiwa ifunge mkanda miezi 18, nani atamkumbuka mgambo asie na kazi. Na usiku radi ikipiga anatoka mbio nje analala chini kwenye tope, majirani wakasema ana jini, akapelekwa kwa mganga akafukizwa ubani siku saba. "Jini sina mwanangu, nlikuwa naskia mizinga tu." Kasema hivo halafu kaniuliza naongeza au basi.

Nyota nne, ya tano nampa akigongomea ule msumari. Nendeni na chenji mkononi maana simu yake ya tochi. Na kile kidole kilichokatika msimuulize habari za vita, ni mnyororo wa baskeli.