SystemTap na pointa za kerneli: uzoefu wangu

Ninachokipenda kwenye SystemTap, chombo cha kuchunguza kerneli ya Linux kwa skripti, ni ukali wake. Skripti ikifuata pointa (anwani ya kumbukumbu) mbovu, mashine haigandi: kila `->`, yaani kila hatua ya kufuata pointa, hupita kwenye usomaji wenye ulinzi, na anwani isiyosomeka huleta kosa la "read fault" likitaja anwani yenyewe. MAXERRORS (idadi ya makosa yanayovumiliwa) ya kawaida ni 0, kwa hiyo kosa la kwanza tu hufunga skripti nzima. Wapo wanaokerwa na hilo. Mimi nalipenda kuliko bpftrace, chombo kingine cha kazi hiyo, ambayo usomaji ukishindwa hukupa sifuri au maandishi matupu, kimya, mpaka uongeze `-k` (matoleo ya zamani yanataka `-kk`). Sifuri halali ikishachanganyika na sifuri ya kushindwa, hesabu yote imeharibika.

Kazi ngumu ni pointa isiyo NULL (sifuri) lakini si pointa halisi. `do_filp_open`, fanksheni ya kerneli inayofungua faili, hurudisha pointa ya `struct file`, au namba ya kosa iliyovaa sura ya pointa. Faili lisipokuwepo unapata -2, yaani 0xfffffffffffffffe. `if ($return)` huipitisha bila swali. Na usijaribu `$return > 0`: namba za SystemTap ni za biti 64 zenye alama, hivyo kwenye x86-64 hata anwani halali za kerneli ni hasi. Makosa hukaa kati ya -1 na -4095, basi:

```
probe kernel.function("do_filp_open").return {
  if ($return < -4095) {
    try {
      println(kernel_string($return->f_path->dentry->d_name->name))
    } catch (m) {
      println("imeshindikana: ", m)
    }
  }
}
```

(Hapo utapata jina la faili tu, si njia yake yote.)

`kernel_string2(anwani, "?")` inavutia kwa sababu hurudisha "?" badala ya kosa, ila hulinda usomaji wa mwisho peke yake. Mnyororo wa `->` huhesabiwa kabla haijaitwa, ukikatika katikati skripti inakufa vilevile. Kwa mnyororo, `try` ndiyo dawa. `@defined` nayo hukagua kama sehemu ipo kwenye kerneli hiyo. Haijui lolote kuhusu thamani ya pointa. Ukitumia `-g` (hali inayoruhusu C ndani ya skripti) na kuandika C mwenyewe, ulinzi umeuacha mlangoni: tumia `kread()`, la sivyo utaiangusha kerneli kweli.

Kasoro kubwa ni uzito. Lazima debuginfo (data ya utatuzi inayoeleza miundo ya kerneli) ilingane kabisa na toleo la kerneli, nayo ni mamia ya megabaiti. Amri ya `stap-prep` husaidia kuipakua. Kwenye seva nisiyoruhusiwa kusakinisha hayo, bpftrace hutosheka na BTF (maelezo mafupi ya aina za data) iliyomo ndani ya kerneli.

Jambo moja linazisumbua zote mbili: jina la faili kwenye mwanzo wa `openat`, mwito wa mfumo wa kufungua faili. Liko kwenye kumbukumbu ya mtumiaji, na ukurasa wake huenda haujapakiwa; probu (sehemu ya skripti inayoendeshwa tukio likitokea) hairuhusiwi kusubiri upakiwe. Kwa bpftrace, hifadhi `@f[tid] = args.filename` kwenye `sys_enter_openat`, soma `str(@f[tid])` kwenye `sys_exit_openat`, kisha ufute ingizo hilo, vinginevyo ramani (jedwali la `@f`) itajaa.