Kitalu cha njia ya Casuarina: maji yaingiayo na maji yapitayo ubavuni

Mimi natunga vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia wavaavyo wanawake, hapa Malindi, na asumini ndiyo riziki yangu. Kwa hivyo nikisifu mahali pauzwapo miche, sisifu rangi ya maua wala bango la mlangoni. Natia kidole kwenye udongo kwanza. Haya nimefunzwa na hasara: miche 11 ya asumini niliyoinunua mwezi wa Januari kwenye duka moja la mjini, shilingi 200 kila mmoja, na yote ilikuwa imekufa kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama.

Siku niliyoinunua ilikuwa imelowa chepechepe, na hilo ndilo lililonidanganya. Kijana wa duka alikuwa ameshika mpira wa maji, aipiga miche kwa mbali, majani yang'aa. Nikaona hapa pana watu wanaojua kazi. Nilipofika nyumbani nikaipanga uani (uwa wetu ni saruji tupu, hapana ardhi ya kupanda) na kila asubuhi nikawa naipa kopo moja moja. Maji yalikuwa yatoka chini ya chungu papo hapo, nami nikidhani mche umeshiba. Matumba yakaanza kupukutika yakiwa mabichi, kisha majani yakapiga manjano, kisha yakajikunja. Nikaongeza kopo la pili. Haikusaidia kitu.

Mche wa sita ulipokufa niliung'oa nikautazama. Juu, udongo mweusi wenye unyevu, kina cha vidole viwili. Chini yake bonge kavu, jepesi, nikalivunja likatoa vumbi. Mizizi ilikuwa mle ndani imekauka, na mimi namwaga maji kila siku ya Mungu.

Nililitia bonge hilo kwenye mfuko nikaenda nalo mpaka kitalu ninachokiandikia leo, kilichoko njia ya kuelekea Casuarina, chini ya mwarobaini mkubwa. Hakina bango. Utakijua kwa banda la makuti na mapipa mawili ya buluu mbele yake, moja limepigwa rangi nyeupe shingoni. Mwenyewe ni mzee wa makamo, mtaratibu wa maneno, na ana kijana mmoja wa kumsaidia. Nilimwonyesha lile bonge. Akaligeuza mkononi, akalitia kwenye beseni la maji. Likaelea.

"Waona, mama? Hata ukilitumbukiza lakataa maji. Wewe hukuuua huu mche. Ulikuja kwako umeshakauka ndani."

Kisha akanieleza, na hapa nataka niandike kwa kituo kwa sababu wengi wetu tunapoteza pesa papa hapa. Udongo wa miche ukiwa na mboji nyingi, ukiachwa ukauke mpaka mwisho, huwa haupokei tena maji kwa urahisi. Pia hunywea, ukajitenga na ukuta wa chungu, pakabaki mwanya mwembamba pembeni. Ukimwaga kopo, maji yashuka kwenye mwanya ule, yatoka chini, na wewe umeridhika. "Maji yamepita ubavuni," ndivyo alivyosema, na tangu siku ile neno hilo halinitoki. Duka linaloachia miche ikauke siku mbili tatu, halafu likairashia asubuhi wanunuzi wanapokaribia kuja, linauza miche iliyolowa majani na kufa mizizi.

Dawa yake aliniambia bila ya kuniuzia chochote. Usimwage juu. Kiketishe chungu kizima ndani ya beseni, maji yafike karibu na ukingo, ukiache. Utaona viputo vikipanda, hiyo ni hewa inayotoka na maji yanayoingia. Viputo vikikoma, kitoe, kikalishe juu ya matofali mawili kichuje. Nilikwenda nyumbani nikafanya hivyo kwa ile mitano iliyobaki. Ilikuwa imeshakwenda mno, hakuna uliosalimika, lakini viputo niliviona, na katika chungu kimoja vilipanda muda mrefu hata nikasikitika: mche ule ulikuwa na kiu tangu lini?

Wiki iliyofuata nikarudi kununua. Hapo ndipo nilipoona tofauti ya mahali hapa. Kabla hajanipa mche, mzee alinipa vyungu viwili vya ukubwa mmoja, kimoja kila mkono. Kimoja kilikuwa kimetoka kunyweshwa, kingine kimefikia wakati wa kunyweshwa. "Shika uzito huu, uuweke kichwani." Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo mkono hauwezi kukosea ukishazoea. Kijana wake hupita kwenye safu akiinua chungu kimoja kimoja, kizito hukiacha, chepesi hukipa. Hamwagi kwa saa, wala hapigi safu nzima kwa mpira kwa sababu siku imefika. Nilisimama nikamtazama akiruka miche minne, akaupa wa tano, akaruka miwili. Nimeishi miaka mingi na maua na sijapata kuona mtu akimwagilia hivyo.

Anatumia debe lenye kichwa cha matundu madogo, naye huinamisha mpaka karibu na shina. Akaniambia maji ya nguvu ya mpira huchimba udongo yakaacha mizizi ya juu wazi, na kweli miche ile ya mjini ilikuwa na mizizi nje kama vidole. Huanza baada ya swala ya alfajiri na humaliza kabla jua halijavuka banda. Vile viriba vidogo vya plastiki hupata mara ya pili alasiri, kwa sababu udongo mchache haukai na maji, lakini huvipa chini tu. Majani hayatakiwi kulala mabichi, ukungu huingia.

Na yale mapipa mawili. Lenye rangi nyeupe ni la maji ya mfereji, haya yatokayo Baricho kwenye mto Sabaki. Jingine ni la kisima chao, na visima vya upande huu wa pwani mwajua wenyewe, maji yana munyu. Bogenvilia hupewa ya kisima na hainuni. Asumini, waridi na mrehani hupewa ya mfereji, na siku mfereji ukikatika mzee hununua mitungi ya lita 20 kwa watu wa mikokoteni kuliko kuipa asumini maji ya chumvi. Chumvi hubaki kwenye udongo kila maji yanapokauka, ikazidi kidogo kidogo, na ncha za majani zikaungua rangi ya kahawia. Mimi uani kwangu nilikuwa natumia kisima! Basi hata ile miche ingekuja mizima, huenda ningeiua mwenyewe polepole. Akanishauri, ikiwa sina budi kutumia kisima siku moja mbili, basi baadaye nikipata maji matamu nimwage mengi kwa mara moja, yapite chungu kizima na kutoka chini, yachukue ile chumvi.

Bei yake ni shilingi 300 kwa mche wa asumini, mia moja zaidi ya mjini. Nimelipa kwa moyo mweupe. Nilinunua 8.

Sasa kasoro, kwa sababu zipo na nimemwambia mwenyewe ana kwa ana.

Nyuma ya banda, upande wa barabara, kuna safu za miche ya miembe kwenye viriba vyeusi, na huko makuti hayafiki. Nilikwenda saa saba mchana nikakigusa kiriba kimoja ubavuni, ni cha moto. Kaskazi inapovuma na jua la namna hii, mizizi iliyogusa ukuta wa plastiki nyeusi huungua hata kama udongo una maji. Tena vingi vimekaa chini muda mrefu hadi mizizi imetoboa viriba ikaingia ardhini, inajinywea yenyewe, yaonekana mizima kabisa. Siku mnunuzi akiking'oa, mizizi ile hukatika, na mwembe hunyauka njiani. Usinunue safu ile bila kukiinua kiriba na kutazama chini yake. Mzee alikubali. Aliahidi kuweka kivuli na kuviinua juu ya mbao. Nilipokwenda mara ya mwisho nusu yake ilikuwa tayari, nusu bado.

Jambo la pili ni usafirishaji. Wao wakupakilia miche kwenye tuktuk, wakaishia hapo. Upepo wa njiani hukausha majani upesi kuliko saa nyingi za jua, na asumini yangu mmoja ulifika umelegea shingo. Sasa naenda na gunia langu nimelilowesha, nalizungushia vyungu, na majani nayafunika leso kuukuu. Kijana nilimwambia, "Mwanangu, wewe ndiye unayeitunza hii miche, usiiache ikafia mlangoni pa mteja." Akaitikia, "Naam, bi mkubwa," na safari ya pili alinifunikia mwenyewe kabla sijatamka.

Tena, ukiuziwa visahani vya kuweka chini ya vyungu, usiviache na maji. Mizizi huoza, na mbu wa nyumba hii hawahitaji kuongezewa makao.

Miche yangu 8 yote imeishi. Nimeiweka ukutani ambapo jua la asubuhi laingia na la mchana lazuiliwa na nyumba ya jirani. Kila alfajiri nainua vyungu kama nilivyofunzwa. Wakati wa kaskazi ilitaka maji karibu kila siku. Kusi ilipoanza na masika kushuka, ilikaa hata siku tano sijaigusa, na hapo mkono ndio uliniokoa, maana macho yangeniambia nimwage. Matumba hayapukutiki tena. Nayachuma baada ya alasiri, yakiwa yamefumba, ili yafunguke usiku kichwani mwa mwenyewe, na mwezi uliopita nilitunga vikuba vya harusi moja nzima ya mtaani kwa maua ya uani kwangu, sikununua hata tumba moja.

Nimeagiza mikilua miwili, miche ya kilua, ua jingine la kunukia. Nilikwenda juzi kuichukua, kijana akaitikisa kidogo kwenye kiriba, akaniambia bado mizizi haijashika udongo, nirudi baada ya wiki mbili. Pesa nilikuwa nazo mkononi, naye hakuzipokea.