Miezi 6 ya tiba ya michezo kwa mwanangu: kilichosaidia na kilichonikera

Mwaka jana mwalimu alinipigia simu saa nne asubuhi: "Mama, njoo umchukue mtoto wako." Alikuwa amemng'ata mwenzake begani, mara ya tatu muhula ule. Ana miaka 7. Nyumbani ukimwambia azime TV anarusha rimoti, anajigonga kichwa ukutani, kisha baada ya nusu saa anakuja kujilaza mapajani kama si yeye. Mama mdogo alisema ni jini. Akasomewa dua, akanyweshwa kombe. Sijutii, usiku ule alilala. Baba yake alisema fimbo tu.

Hospitali walimpima masikio, wakauliza kama amewahi kupata degedege, kisha wakatuelekeza kwa mwanasaikolojia wa watoto, anayewatibu kwa kucheza nao, kwenye kituo binafsi Upanga, Dar es Salaam. Elfu 60 kwa kikao, kila wiki, na bima haikugusa hata shilingi. Ongeza nauli ya kutoka Mbagala.

Kikao cha kwanza nilikwenda peke yangu. Maswali mengi: mimba, uchungu, nani alimlea. Nikasema alilelewa na bibi yake Muheza mpaka miaka 5, bibi akafariki, ndipo nikamchukua. "Mtoto mlimwambiaje?" Tulimwambia bibi kasafiri. Dada yule mwanasaikolojia hakunilaumu, aliandika tu, lakini kalamu ile niliisikia.

Nilidhani atamkalisha mtoto amuulize kwa nini anang'ata. Wapi! Chumba kina wanyama wa plastiki, bajaji ndogo, wanasesere, na sinia kubwa la mchanga lililopakwa rangi ya buluu ndani, ukifukua unaona kama bahari. Wiki tatu mwanangu alikuwa anafukia bajaji, anaifukua, anaifukia tena. Nikauliza maana yake. "Bado sijui, mama." Nikatoka nimenuna. Elfu sitini ya "sijui"!

Kazi kubwa ilikuwa yangu. Kila siku dakika 5 nicheze naye anachotaka yeye, bila kuamuru, bila kuuliza, bila kukosoa. Nitaje anachofanya, nirudie maneno yake, nisifu kitu mahususi: "umepanga vizibo kwa rangi," si "mtoto mzuri." Alinieleza kuwa zoezi hili linatokana na njia ya Sheila Eyberg wa Marekani, ya miaka ya 1970, ambako mzazi huvaa kifaa sikioni na mtaalamu humwelekeza akiwa nyuma ya kioo. Sisi kioo hatuna. Anti, yaani yule mwanasaikolojia, alikaa pembeni, nikiropoka swali anaweka kidole mdomoni. Jaribu leo uone. Mimi niliyelelewa kwa "acha", "njoo", "umeoga?" niligundua sina sentensi nyingine ya kumwambia mtoto.

Alinionya kuwa hali inaweza kuchafuka kwanza kabla ya kutulia. Ikachafuka kweli, sahani mbili zilivunjika.

Halafu maneno. Kwa mwanangu kila kitu kilikuwa hasira. Anti alimchorea nyuso, akamfundisha hofu, aibu, wivu, kinyongo. Mwezi wa tatu, tukiwa tunamenya viazi, akasema: "Mama, nina kinyongo na wewe. Bibi hajasafiri." Mikono iliniishia nguvu. Wiki ile tulimwambia ukweli mbele ya anti, na likizo tukaenda Muheza, akaliona kaburi.

Kwa anti huyo huyo ndiko nilikojua kuwa kanuni za mwaka 2002 zinataka fimbo shuleni zisizidi 4, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na ziandikwe kitabuni. Mwanangu alikuwa anachapwa na yeyote aliyepita. Nilikwenda shuleni kuongea. Mkuu hakufurahi, ila zimepungua.

Yaliyonikera: vikao ni siku za kazi tu, na kila Jumanne naomba ruhusa mpaka bosi ananitazama vibaya. Anti alikwenda likizo mwezi mzima bila mbadala, na kung'ata kukarudi. Tena yule wa mapokezi aliwahi kuita kwa sauti, "yule mtoto anayeng'ata aingie!" watu wakageuka wote. Nilimlalamikia meneja, akaomba radhi.

Muhula huu kang'ata mara moja, rimoti bado zinaruka. Sasa tunakwenda mara moja kwa mwezi. Kwa fedha ile ningelipa tena, ila kama huna nafasi ya zile dakika 5 nyumbani, usianze. Ukienda, omba kikao cha saa tatu asubuhi, mtoto akiwa bado hajachoka, na ubebe maandazi, jirani hapo vitu ni ghali.