Mercedes 230E: shika geji kabla hujashika kabureta

Jamani, jamani, karibuni tena. Niko Mombasa, jua kali, na mbele yangu ipo Mercedes 230E, hiyo ya umbo la W123 ambayo wengi mmekulia kiti chake cha nyuma, kwa hivyo mambo ya taa na viti siyagusi. Leo ni boneti tu. Huku kuna injeksheni iliyozaliwa na gari, Bosch K-Jetronic, mfumo unaopuliza petroli kwa presha kupitia nozeli. Huku mezani kuna kabureta mpya ya Weber 32/36, bado iko kwenye karatasi yake, ambayo mwenye gari ameinunua kwa sababu fundi alimwambia injeksheni imekufa.

Imekufa! Umeipima kwa kifaa gani? Hilo ndilo linaloniudhi. Mtandaoni kila siku ni ng'oa injeksheni, weka kabureta, upumzike, na wanaosema hivyo wana wafuasi kutuzidi sisi mara kumi. Geji ya presha sijaiona mkononi mwa hata mmoja.

Haya, kamera isogee hapa. Zaidi, zaidi. Mtungi wa kuzimia moto upo miguuni pangu, na wewe ukijaribu hii nyumbani uwe nao, maana tunacheza na petroli wazi. Nimetoa chujio la hewa. Nozeli zote nne nimezichomoa, kila moja imeingia kwenye chupa yake ya kioo. Rilei ya pampu nimeiunganisha kwa waya ili pampu ifanye kazi injini ikiwa imezimwa. Mnaisikia? Iko kule nyuma, chini ya gari.

Sasa angalieni nozeli. Presha ipo, na hakuna hata tone. Safi kabisa. Hii sahani ya duara hapa ndiyo roho ya mfumo mzima. Hakuna kompyuta humu. Hewa inayovutwa na injini inasukuma sahani chini, sahani imeshikana na mkono, mkono unainua kijiti ndani ya hili donge la chuma, kigawa petroli, na kijiti kinafungua njia ya petroli kwa silinda zote nne. Nabonyeza kwa kidole, polepole...

Mmesikia hiyo filimbi? Mmesikia! Hizo ni nozeli zinaimba, ndivyo zinavyolia zikiwa nzima. Tazameni chupa, ukungu mwembamba umetawanyika vizuri, zote nne sawasawa. Nabonyeza zaidi, sauti inapanda. Naachia, kimya. Narudia, kwa sababu naipenda mno hii. Na kidole changu kinahisi uzito ule ule kutoka juu mpaka chini, hakuna pahali panapokwama. Nikiirudisha sahani juu haraka, inakuja nyepesi, kijiti kinafuata nyuma taratibu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Geji nayo inasoma zaidi ya bar 5. Sasa niambieni, maiti iko wapi?

Ugonjwa ni huu hapa. Huu mpira mkubwa ulio chini ya sahani, unaopeleka hewa kwenye throtli, kile kilango kinachofunguliwa na kanyagio. Ukiukunja hivi, ufa unafunguka, kidole kinapita. Hewa inaingia hapo bila kupimwa na sahani, petroli inakuwa kidogo, gari linatetemeka likisimama kwenye taa. Halafu mtu akaja na ufunguo wa alenki wa milimita 3, akazungusha skrubu ya mchanganyiko wa hewa na petroli, kuongeza petroli. Gari likatulia kidogo kwenye taa, likaanza kutoa moshi mweusi barabarani. Kisha lawama ikaenda kwa injeksheni! Hiyo skrubu haiguswi mpaka mipira yote iwe mizima.

Unaweza kujipima mwenyewe bila kifaa chochote. Injini ikiwa inanguruma bila kukanyagwa, fungua kifuniko cha oili. Ikiyumba kama inataka kuzimika, vizuri. Isipojali kabisa, basi tayari kuna hewa inaingia kwa mlango mwingine. Kagua huo mpira, kagua na vile vipira vidogo vya nozeli, bei yake haifiki hata chakula cha mchana.

Weber siichukii, msinielewe vibaya. Ni nzuri, kila fundi anaijua, unaifungua na bisibisi. Lakini hapa inataka presha ya bar 0.2 hivi, na pampu hii inatoa zaidi ya 5, itafurika. Kwa hivyo pampu nyingine. Manifoldi nyingine, lile bomba la kugawia silinda hewa, ya ile Mercedes 200 ya kabureta. Waya wa kanyagio uunganishwe upya. Jumlisha, na bado hujalipa fundi. Kumbukeni pia 230 ya kabureta iliyotangulia, kabla ya 1980: cc 2307, nguvu farasi 109. Hii 230E ina cc 2299, farasi 136. Injini yenyewe ilibadilishwa, sawa, lakini injeksheni ina mkono wake hapo.

Kuna waliouliza habari ya mwinuko. Kabureta iliyorekebishwa hapa pwani ikifika Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na petroli inaizidi. Ila nisiwadanganye, K-Jetronic ya kawaida nayo haijiepushi na hilo.

Nitamwelewa anayebadilisha lini? Gari likilala miaka na maji kwenye tangi, kijiti kikashika kutu ndani, hapo ni kununua kigawa petroli kilichofanyiwa ukarabati Ulaya, na usafiri na ushuru, na hiyo pesa si ya mchezo. Usithubutu kukisugua na msasa! Ukiamua kuweka kabureta, weka vifaa vyote vya zamani kwenye sanduku, usimwuzie mtu wa vyuma chakavu.

Hili hapa halijafika huko. Mpira mpya umeagizwa, Weber inarudi dukani. Video ijayo ni Peugeot 504 ya injeksheni, ile yenye pampu ya Kugelfischer, kwa hivyo bonyeza kengele. Na wewe mwenye 230E, fungua kifuniko cha oili leo, uniandikie hapo chini injini imefanya nini.