Orodha za kesi za rehani Florida: chukua kifurushi kidogo

Nafanya kazi katika ofisi ndogo ya mawakili jimboni Florida, Marekani. Tunatetea watu ambao benki zimewashtaki ili nyumba zao zipigwe mnada. Mimi ndiye ninayeandaa barua za kuwafikia, na majina tunayapata kwa huduma ya kulipia kila mwezi inayochota kumbukumbu za makarani wa kaunti.

Kinachouzwa hapo si siri. Florida benki haiuzi nyumba ya mkopaji bila kupita mahakamani, na ikifungua kesi husajili ilani ya lis pendens, yaani tangazo la wazi kwamba nyumba ina kesi mahakamani, yenye majina ya wahusika, maelezo ya kiwanja na namba ya kesi. Yeyote anaweza kuisoma. Unachonunua ni muda, na muda hapa ni mali: mdaiwa akishakabidhiwa wito ana siku 20 za kujibu, akinyamaza benki inaomba hukumu bila yeye kusikilizwa. Kupekua tovuti za kaunti moja baada ya nyingine, kila moja na mpangilio wake, kunamaliza asubuhi nzima. Kwa hilo huduma hii naipa alama za juu. Majina yanaingia mapema na namba za kesi ni sahihi.

Tatizo ni uchafu uliomo. Ilani hiyohiyo husajiliwa pia wanandoa wakigombea nyumba kwenye talaka, au majirani wakishtakiana kuhusu kiwanja, na programu yao inavikusanya vyote kapu moja. Halafu benki humshtaki kila anayeweza kuwa na dai juu ya nyumba, hata asiyejulikana jina. Kwa hiyo nakuta lebo tayari kubandikwa kwenye bahasha: “Mpangaji Asiyejulikana Namba 1”. Nyingine inakwenda kwa “warithi wasiojulikana” wa marehemu, na pale nyumbani yupo mjane atakayeifungua. Mara nyingine anayeshtakiwa ni benki iliyotoa mkopo wa pili, nasi eti tunajitolea kuitetea! Bila mtu wa kufungua jalada la kesi na kuhakiki jina kwa jina, utachoma stempu na heshima ya ofisi.

Kifurushi kikubwa kinaongeza namba za simu. Wakili akikinunua anampa muuzaji pesa ya bure, maana kanuni za chama cha wanasheria cha Florida zinamkataza kumpigia simu mtu asiyemjua kutafuta kazi. Barua inaruhusiwa, kwa masharti: iandikwe wazi kuwa ni tangazo, ianze kwa kumwambia mwenye wakili tayari aipuuze, ieleze jina lake lilipatikana wapi, na bahasha isitaje shida yake. Sharti hilo la mwisho nalipenda kuliko yote. Tarishi na jirani hawahusiki na deni la mtu. Muuzaji wetu hutoa pia kiolezo cha bahasha chenye maneno ya kutisha juu ya mnada; hicho usikiguse hata kwa bahati mbaya. (Haki ya kutuma barua zenyewe ilithibitishwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1988, katika shauri la Shapero, na barua yake ilikuwa ya watu hawahawa wenye kesi za rehani.)

Wanaopiga simu ofisini wengi huanza kwa hasira: “Jina langu mmelitoa wapi?” Wana haki. Kesi husajiliwa kwanza, wito hufuata, na barua yetu inaweza kumfikia mtu kabla hajajua kwamba ameshtakiwa. Tena haifiki peke yake. Orodha hiyohiyo wameinunua wanunuzi wa nyumba za bei ya kutupa na wanaojiita waokoaji wa mikopo, baadhi yao wakitaka malipo kabla ya kazi, jambo ambalo kanuni ya shirikisho ya mwaka 2010 inawakataza. Ndiyo maana aya ya pili ya barua yetu inamwelekeza msomaji kwa washauri wa makazi walioidhinishwa na HUD, wizara ya makazi ya Marekani, ambao ushauri wao kuhusu kunusuru nyumba hautozwi kitu. Wakili wetu alisitasita, lakini wanaotupigia baada ya kuongea na mshauri huja na makaratasi yao yamepangwa.

Tumebaki na kifurushi kidogo, bila simu wala violezo. Ukikichukua, dai kwanza sampuli ya kaunti yako na uilinganishe na majalada ya karani kabla ya kutia saini mkataba wa mwaka.