Barakoa ya nyuzi za nano madukani Lubumbashi: inachuja vizuri, lakini kuoza kwake kuna masharti

Tangu mvua zikatike, vumbi la malori ya madini yanayoelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, limerudi katika nyumba na karakana za Lubumbashi, kusini mwa Kongo (DRC), na maduka ya dawa yameanza kuuza barakoa za aina mpya. Niliyoinunua karibu na soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, ina kisanduku kinachotangaza, kwa Kifaransa, kwamba kichujio chake ni cha nyuzi za nano, yaani nyembamba kupita kiasi, za polima (aina ya plastiki) inayooza, zilizoimarishwa kwa selulosi, nyuzinyuzi zinazojenga mimea. Bei yake ni mara kadhaa ya barakoa ya kawaida ya hospitali, kwa hiyo mnunuzi ana haki ya kujua analipia nini.

Niliipasua kwa mkasi nikakuta tabaka tatu. La katikati ndilo lenye thamani: utando mweupe, mwembamba kama ngozi ya ndani ya yai, ambao ukiuinua dirishani hupitisha mwanga bila kuonyesha tundu lolote. Polima yake ni asidi ya polilaktiki, inayotokana na sukari ya miwa au ya wanga wa mahindi iliyochachushwa. Huyeyushwa katika kemikali, ikasukumwa kupitia sindano yenye umeme wa maelfu ya volti, na umeme huo hulivuta tone linalotoka mpaka likawa uzi wenye unene wa nanomita (bilioni moja hufanya mita) mia chache tu, ilhali unywele wa mtu hufikia makumi ya maelfu. Nyuzi nyembamba kiasi hicho huchanika upesi, na ndiyo sababu huchanganywa na chembe za selulosi, zilizotolewa katika mbao au mabaki ya mazao, ili zipate ukakamavu. Nilipouvuta utando huo kwa vidole ulinyooka kidogo, ukagoma, na ilinibidi kutumia nguvu ndipo ukakatika.

Fundi seremala mmoja wa Katuba alikubali kuvaa nyingine kutwa nzima akipiga msasa. Jioni tabaka la nje lilikuwa limegeuka rangi ya udongo, lakini upande unaogusa mdomo ulibaki mweupe. Barakoa nyingi za polipropilini, plastiki ya barakoa za kawaida, hunasa vumbi laini kwa msaada wa chaji ya umeme iliyotiwa kiwandani, na chaji hiyo hupotea zikipuliziwa alkoholi; nyuzi za nano hutegemea zaidi wembamba wake na udogo wa nafasi zilizo kati yake. Fundi alilalamika kwamba kupumua kulikuwa kuzito kufikia jioni, nami sioni ajabu, kwa kuwa vumbi lililozuiwa hubaki juu ya utando na kuuziba.

Ushauri wa muuzaji ndio ulionisikitisha. “Papa, unaifua tu na maji ya moto, inarudi mpya,” aliniambia. Polima hii huanza kulegea ikifikia nyuzi joto 60 hivi, na nilipokitumbukiza kipande chake katika maji yaliyotoka jikoni, kilijikunja na kusinyaa mbele ya macho yangu. Kwa sababu hiyohiyo, isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Kuhusu kuoza, kisanduku kinasema kweli nusu. Asidi ya polilaktiki huoza vizuri katika mboji ya kiwandani yenye joto la karibu nyuzi 58 na unyevu wa kutosha. Ikitupwa mtaroni au jalalani mtaani, inaweza kukaa miaka. Mipira ya masikioni na waya wa puani havimo kabisa katika ahadi hiyo. Tena kila barakoa imefungwa katika kifuko cha plastiki, katika nchi ambayo amri ya Desemba 2017 ilipiga marufuku mifuko ya namna hiyo!

Kwa seremala, mfagiaji au abiria wa pikipiki katika barabara ya Kipushi, naona bei hiyo inastahili, mradi anayenunua analipia uchujaji na si kuoza. Kwa anayeponda mawe ya madini sishauri hata kidogo, kwa sababu vumbi la silika, linalotoka katika mawe hayo, huharibu mapafu bila kupona tena, na kisanduku hakina alama ya FFP2 wala N95, viwango vya barakoa zilizopimwa kuzuia vumbi laini. Ukubwa nao ni mmoja tu. Usoni mwa binti yangu wa shule hewa ilipita mashavuni pande zote mbili, na duka halina ndogo zaidi.