Duka la majani ya chai ya kupima Kariakoo, na lile kopo langu la miaka miwili

Jamani kuna duka la viungo Kariakoo, lile lenye mlango wa bluu ukiwa unatokea Mtaa wa Kongo, nimenunua majani ya chai pale mara nne sasa na nimeona niwaandikie wenzangu tunaokunywa chai ya kupima maana tumeumizwa sana.

Kilichonipeleka ni hiki. Masika nilinunua kilo nzima sehemu nyingine huku huku kwetu Temeke, kisa bei. Gunia liko wazi mlangoni, kulia sabuni ya unga, kushoto dagaa. Nikafungiwa kwenye mfuko wa khaki (tangu rambo zipigwe marufuku 2019 ndo zetu hizo), nikafika nyumbani nikautupia kabatini hivyo hivyo. Wiki ya tatu mama mkwe kaja, kaonja chai, kaweka kikombe chini taratibu, "Mwanangu, hii sufuria ulipikia samaki?" Nilitamani ardhi ipasuke. Sufuria ilikuwa safi kabisa, shida ni majani. Majani ya chai yanavuta harufu ya jirani yeyote na yanavuta unyevu, kiwandani yanakaushwa mpaka maji yanabaki kama asilimia 3 tu, sasa yalete Dar mwezi wa nne ambapo hata chumvi inaloa mezani uone.

Basi nikaenda pale kwa mlango wa bluu, anauza mzee mmoja mtaratibu, nikampa shikamoo yake nikamuuliza haya majani ya lini. Hakununa! Akanionesha gunia la karatasi la kiwandani, ubavuni pameandikwa PF1 na tarehe ya kufungashwa, halafu akafungua ndoo yenye mfuniko wa kubana, akachota kidogo akanimwagia kiganjani, "ponda". Nikaponda, yanalia kama mchanga mkavu, yanavunjika. Akaniambia yakibonyea bila kuvunjika usinunue, hata kwangu usinunue. Miaka yote napika chai sijawahi kuambiwa hivyo na muuzaji.

Akanielewesha na hizo herufi. BP1 chembe zake kubwa, PF1 ndogo, dasti ndo unga kabisa, na kadiri chembe inavyokuwa ndogo chai inakolea haraka ila na harufu inakimbia mapema kwa sababu hewa inaifikia kila upande. Nilitaka nusu kilo, akauliza nyumbani mko wangapi, nikasema wanne, akasema chukua robo, ikiisha utarudi. Muuzaji anakupunguzia mzigo mwenyewe, wapi umeona?

Kasoro zipo. Bei imechangamka kidogo kuliko ya mtaani, Jumamosi foleni inachosha, na chai ya kijani mimi pale sinunui, wameiweka kwenye chupa ya kioo juu ya kaunta jua linaipiga mchana kutwa, na chai ya kijani inachoka mapema kuliko hii yetu nyeusi. Nimemwambia kijana wake mara mbili, bado iko pale pale.

Sasa lile kopo. Dada aliniletea majani kutoka Mufindi, nikayasahau juu ya kabati miaka miwili, kopo la bati limebana vizuri. Nilitaka kutupa, mzee akasema angalia kwanza. Hayana ukungu, hayanuki uvundo, yanavunjika. Chai nyeusi ikikaa kavu haigeuki sumu, inapoteza nguvu tu, ila ukiona ukungu tupa yote, usipepete wala usianike juani ukadhani umeyaponya. Nikapika strungi, hapana, rangi ipo ila ladha imekwenda zake. Kesho yake nikapika ya maziwa, penye kijiko kimoja nikaweka kimoja na nusu, tangawizi ya kuponda, iliki, kipande cha mchaichai, na sikuyachemsha sana maana majani yaliyochoka ukiyalazimisha motoni yanakupa uchungu tu. Ikakubali! Watoto wamemaliza chupa nzima na maandazi, na kopo lenyewe tumelimaliza hivyo hivyo ndani ya mwezi. Yale ya dagaa viungo havikuyafunika hata kidogo, nimeyachanganya na udongo wa maua kibarazani.

Siku hizi majani yangu yanakaa kwenye kopo la bati, mbali na jiko, mbali na iliki, kijiko kikavu, na tarehe nimeandika kwenye kipande cha plasta. Kwenye friji siweki, ukilitoa kopo kwenye baridi na joto hili linatoka jasho mpaka ndani.

Nawapa nyota nne kwa tano, ya tano iko kwenye ile chupa ya kioo. Na ukienda beba kopo lako, mzee analipima kwanza likiwa tupu halafu anakupimia humo humo, huhitaji khaki.